Kufunga choo na kuvurugika kwa hedhi: Kinamama wasiishie kwenye sanamaki

 

Ndugu msomaji, leo katika safu yetu hii tutazungumzia jambo ambalo kinamama wengi wanalijua kwa kulipitia, lakini ni wachache wanaolisema. Nalo ni uhusiano uliopo kati ya tumbo la chakula na homoni za mwanamke, yaani vile vichocheo vinavyoongoza hedhi, mimba, na hata hali ya nafsi yake siku hadi siku.

Huenda umesoma kichwa cha habari ukataka kulikunja gazeti kwa haya. Usilikunje. Bi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao. Na Bi Ummu Sulaym (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) akamuuliza waziwazi habari ya josho la mwanamke, na mpaka leo tunanufaika na swali lake. Kama wao waliuliza, sisi ni nani hata tufe na maradhi kwa kuona haya?

MAMA WA SIKU KUMI NA TISA

Nianze na kisa. Nimebadili mambo kadhaa ili mwenyewe asitambulike.

Alikuja kwetu mama mmoja wa miaka kama 38, mwenye watoto wanne, akiwa amesindikizwa na wifi yake. Alipoketi, jambo la kwanza aliloniambia halikuwa hedhi. Alisema: "Daktari, tumbo limejaa gesi na choo hakitoki. Nipatie dawa kali kuliko sanamaki."

Nikamuuliza, sanamaki umeanza kuitumia lini? Akajibu, tangu Rajabu. Wakati huo tulikuwa tumeshamaliza sita za Shawwal. Ina maana kwa zaidi ya miezi mitatu, kila usiku wa kuamkia Ijumaa, mama huyu alikuwa akichemsha sanamaki na kuinywa, kwa sababu muuza dawa mmoja alimwambia kwamba ana "uchafu wa homoni" uliogandamana tumboni. Juu ya hiyo sanamaki, alikuwa akinunua pakiti za unga wa "kubalansi homoni", na kila pakiti alilipia kwa fedha ya matumizi ya nyumbani.

Nilipomtazama viganja na ndani ya kope za macho, vilikuwa vyeupe. Nikamuuliza habari za siku zake. Aliinamisha kichwa. Wifi yake ndiye aliyejibu: damu ilikuwa siku ya kumi na tisa, na huo ulikuwa mwezi wa nne wa hali hiyo.

Tulipompima wingi wa damu, tulikuta gramu 6.2 kwa desilita, ilhali mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Alipopelekwa hospitali kufanyiwa utrasaundi, ikaonekana ana uvimbe katika mfuko wa uzazi, ule ambao hospitalini huitwa fibroidi, umekaa upande wa nyuma na kuukandamiza utumbo wa choo. Basi uvimbe ule mmoja ndio uliokuwa ukimtoa damu, na huo huo ndio uliokuwa ukimfunga choo. Aliongezewa damu, akafanyiwa upasuaji, na Alhamdulillah yu mzima.

Sanamaki haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuipa kazi isiyo yake, na kuacha miezi minne ipite bila mtu kuuliza damu ile inatoka wapi. Kwa ajili ya mama huyo na wengine mfano wake ndio nimeandika makala haya. Uhusiano wa tumbo na homoni upo, tena ni wa kweli. Lakini anayeujua nusu nusu hugeuzwa mteja wa kila anayeuza pakiti, na ugonjwa wake ukaendelea kukua.

HOMONI HUTOKAJE MWILINI?

Tuanze na ukweli wenyewe. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa ana homoni mbili kubwa zinazotengenezwa katika vifuko vya mayai. Moja huitwa estrojeni, nayo hujenga utando wa ndani wa mfuko wa uzazi katika nusu ya kwanza ya mwezi. Ya pili ni projesteroni, ambayo hutoka baada ya yai kupevuka na kuachiliwa, na kazi yake ni kuutuliza utando ule uwe tayari kupokea mimba. Mimba isipoingia, homoni zote mbili hushuka, utando hubomoka, na hiyo ndiyo hedhi.

Sasa, homoni ikishafanya kazi yake haikai mwilini milele. Damu huipeleka kwenye ini. Ini huifunga, mfano wa mtu anayefunga taka katika mfuko ili zitupwe. Sehemu ya homoni hiyo iliyofungwa hutoka kwa mkojo, na sehemu nyingine humwagwa pamoja na nyongo ndani ya utumbo, ili itoke pamoja na choo.

Hapa ndipo tumbo linapoingia katika habari hii. Ndani ya utumbo mpana wanaishi bakteria wengi mno, na wengi wao si maadui. Allah (s.w.) amewaweka humo kwa hekima. Wanatusaidia kumeng'enya yale tusiyoyaweza, wanatengeneza baadhi ya vitamini, na wanawazuia vijidudu wabaya wasipate makazi. Miongoni mwao wapo wenye uwezo wa kuufungua ule mfuko uliofungwa na ini. Homoni ikifunguliwa, hufyonzwa tena na kurudi katika damu. Mwaka 2011 wataalamu wawili wa Marekani, Claudia Plottel na Martin Blaser, walilipa jina kundi hilo la bakteria wanaoshughulika na estrojeni, wakaliita estrobolomu.

Kwa hiyo tumbo ni moja ya milango ya kutokea homoni. Choo kikitoka vizuri, sehemu nzuri ya homoni iliyokwisha kazi hutoka nacho. Choo kikikaa siku nyingi, bakteria hupata muda mrefu zaidi wa kuifungua.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1982 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowalinganisha wanawake 10 wasiokula nyama na 10 wanaokula vyakula vyote. Wale wasiokula nyama, ambao chakula chao kilikuwa na nyuzinyuzi nyingi na mafuta machache, walikuwa na choo kikubwa zaidi. Estrojeni iliyotoka katika choo chao ilikuwa mara mbili hadi tatu ya wenzao, na iliyobaki katika damu ilikuwa pungufu kwa asilimia 15 hadi 20.

Sisemi kwamba dada zetu waache nyama, kwani ni halali na ndani yake mna madini ya chuma ambayo mwanamke anayahitaji mno. Tena utafiti mwingine wa mwaka 2009, uliofanywa huko huko Marekani kwa wanawake 250, ulionyesha kwamba waliokula nyuzinyuzi nyingi zaidi walikuwa na homoni za chini, na baadhi yao mayai yalikosa kupevuka katika mwezi. Funzo lake ni lile lile tunalolijua katika dini yetu: kila jambo lina wastani wake, na kuzidisha ni kosa hata katika kizuri.

HEDHI NAYO HULIGUSA TUMBO

Aidha, barabara hii ina pande mbili. Kama tumbo linavyozigusa homoni, homoni nazo hulitawala tumbo.

Projesteroni hulegeza misuli ya utumbo. Ndiyo maana kinamama wengi huona tumbo limejaa na choo kimekuwa kigumu katika siku chache kabla ya hedhi, na ndiyo maana mjamzito hufunga choo. Hedhi inapoanza, mfuko wa uzazi hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini ili ujikaze na kutoa damu. Kemikali hizo huufikia utumbo nao ukajikaza, na hapo mwanamke akapata choo laini au kuharisha kidogo siku ya kwanza na ya pili.

Dada yangu, ukiona hivyo kila mwezi, na hali ikatulia yenyewe baada ya siku mbili tatu, hiyo ni kawaida ya maumbile. Huna "uchafu" wowote wa kuusafisha. Wengi huuziwa dawa za kuondoa jambo ambalo lingeondoka lenyewe kesho yake, kisha dawa ndiyo ikapewa sifa.

MARADHI YENYE DALILI MBILI

Kuna maradhi yanayogusa tumbo na hedhi kwa pamoja. Haya ndiyo yanayopotea ndani ya maneno "homoni zimevurugika". Nitayataja yale tunayoyakuta mara kwa mara.

La kwanza ni fibroidi, uvimbe wa kizazi ambao si saratani. Dalili zake ni damu nyingi ya hedhi, maumivu, kukojoa mara kwa mara uvimbe ukikandamiza kibofu, na kufunga choo ukikandamiza utumbo. Hugundulika kwa utrasaundi.

La pili ni tezi ya shingo kupunguza kazi. Tezi hii iliyo mbele ya koo ndiyo inayoongoza kasi ya mwili mzima. Ikilegea, mwanamke hufunga choo, hedhi huwa nzito au ya kubabaika, huchoka, huhisi baridi wenzake wakiwa na joto, na huongezeka uzito bila kula zaidi. Ikizidisha kazi huwa kinyume chake: huharisha, hukonda, moyo humwenda mbio na hedhi huwa kidogo. Kipimo chake ni cha damu.

La tatu ni ile hali ya utando unaofanana na wa ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake, kitaalamu endometriosisi. Utando huo ukiota karibu na utumbo, mwanamke hupata maumivu makali anapokwenda haja kubwa, hasa siku za hedhi. Wasichana wengi huambiwa "utazoea" au "ukizaa yatakwisha". Maumivu yanayomlaza binti kitandani na kumkosesha shule kila mwezi si ya kuzoea.

La nne ni ugonjwa wa vifuko vya mayai kuwa na vijiyai vingi visivyopevuka. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kwamba unawapata wanawake 8 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui kuwa wanao. Hedhi huja baada ya miezi, ndevu na chunusi hutoka, na mara nyingi uzito huongezeka. Hapa lishe ina nafasi kubwa, kwa sababu ndani ya ugonjwa huu homoni ya insulini hushindwa kufanya kazi ipasavyo. Kupunguza sukari na unga uliokobolewa, kula nyuzinyuzi na kutembea husaidia kweli.

La tano ni safura, minyoo inayong'ata utumbo na kunyonya damu. Mwanamke mwenye hedhi nzito na safura juu yake anavuja damu kwa njia mbili. Na tusiseme hilo ni la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 wa Tanzania wa umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 45 walikuwa na upungufu wa damu.

Ndugu msomaji, utaona kwamba hakuna hata moja kati ya haya linalotambulikana kwa kuangalia pakiti ya dawa. Yote yanatambulikana kwa kuulizwa, kushikwa tumbo na kupimwa.

SANAMAKI, ANTIBAYOTIKI NA VIDONGE

Sanamaki ni dawa. Wazee wetu wa pwani wameijua tangu zamani, imetajwa katika tiba ya Mtume (s.a.w.), na hata katika maduka ya dawa ya leo vipo vidonge vilivyotengenezwa kwa majani hayo hayo. Kwa kuwa ni dawa, basi ina kipimo na ina muda. Aliyefunga choo anaweza kuitumia siku chache ikamsaidia. Kuinywa kila wiki kwa miezi ni jambo lingine: inaharisha, inaondoa maji na madini ya potasiamu mwilini, inasokota tumbo, na mtu huanza kuamini kwamba bila hiyo hapati choo. Mjamzito asiitumie bila kushauriwa. Na mtu mwenye maumivu makali ya tumbo asiyojua sababu yake, asinywe kabisa dawa ya kuharisha.

Kuhusu antibayotiki, kosa letu ni kuzinunua kama pipi. Mafua, kapsuli; tumbo kuuma, kapsuli. Dawa hizi hazichagui. Zinaua bakteria wabaya pamoja na wale marafiki wa utumbo na wa ukeni. Baada yake mama huharisha, au hupata fangasi na muwasho, kisha hununua dawa nyingine kwa ajili ya muwasho. Ukiandikiwa na mtaalamu, tumia na umalize. Usipoandikiwa, usijiandikie.

Wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango nao wana la kujua. Kidonge hufyonzwa tumboni. Ukitapika ndani ya saa tatu baada ya kukimeza, au ukiharisha sana kwa zaidi ya siku moja, huenda hakijafanya kazi, hivyo muulize mhudumu wako la kufanya. Dawa za kifua kikuu zenye rifampisini nazo hupunguza nguvu ya vidonge hivyo, basi mwambie anayekupa kila upande.

Wapo pia kinamama wanaotumia vidonge vya kuchelewesha hedhi kwa ajili ya Hijja, au ili wafunge Ramadhani yote. Masheikh wamelizungumzia hilo na sharti lao ni kutokuwa na madhara. Madhara hayo utayajuaje bila kuulizwa kama umewahi kuganda damu mguuni, kama una maradhi ya ini, au kama una damu isiyojulikana chanzo chake? Usigawane vidonge na jirani yako hata kama mnakwenda Makka kwa ndege moja.

CHAKULA CHA KULISAIDIA TUMBO

Sasa tuje kwenye lile lililo mikononi mwetu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwanadamu akila basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Wataalamu wa lishe wanasema mtu mzima apate nyuzinyuzi zisizopungua gramu 25 kwa siku. Hizo si za kutafuta katika duka la mbali. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina takriban gramu 12 hadi 15. Tende gramu 100 zina gramu 7 hadi 8, ingawa mwenye kisukari ahesabu, maana sukari yake ni nyingi. Kunde, choroko, mbaazi, mchicha, matembele, kisamvu, bamia, papai, pera na embe, vyote vimo katika masoko yetu.

Tatizo ni kwamba meza zetu zimebadilika. Asubuhi ni chai na maandazi au mkate mweupe, mchana wali, jioni chapati au ugali wa sembe, na mboga ni kijiko kimoja pembeni ya sahani. Badilisha kidogo kidogo: dona mahali pa sembe siku kadhaa za wiki, sahani ya kunde, tunda kila siku. Ongeza taratibu kwa wiki mbili au tatu, kwa sababu anayeruka kutoka mkate mweupe hadi bakuli la maharage kwa siku moja atajaa gesi na kusema chakula hiki kimemkataa. Kunywa maji ya kutosha hadi mkojo uwe wa njano hafifu, maana nyuzinyuzi bila maji hukifanya choo kiwe kigumu zaidi. Mtindi nao ni chakula kizuri cha tumbo, ila si dawa ya kurekebisha hedhi. Tembea angalau nusu saa kwa siku.

Mama anayetumia vidonge vya kuongeza damu ajue kwamba vinaweza kumfunga choo, na kwamba choo huwa cheusi. Asiache kwa sababu hiyo. Amwambie mhudumu, kwani wapo wanaopangiwa kumeza siku moja na kuruka moja. Chai ya rangi au ya maziwa isinywewe pamoja na vidonge hivyo wala pamoja na chakula, kwa kuwa huzuia madini ya chuma kufyonzwa. Na kinamama wanaokula udongo, hasa wajawazito, waache. Udongo hufunga choo, huzuia madini ya chuma, na mwingine umebeba mayai ya minyoo.

Katika Ramadhani tunafunga choo zaidi kwa sababu maji hupungua na futari zetu hujaa vya kukaanga. Baada ya tende na maji, tanguliza supu au uji na matunda. Bajia na sambusa zije nyuma, tena chache. Kati ya futari na daku kunywa maji mara nyingi kidogo kidogo.

HAJA IKIKUJIA NENDA

Mtume (s.a.w.) ametukataza kusali huku mtu anasukumwa na haja kubwa au ndogo. Tumezoea kulifahamu hilo kwa upande wa khushui, na ndilo lengo. Lakini tazama faida ya kiafya iliyomo: dini inamwamrisha mtu aitikie wito wa tumbo lake hata mbele ya swala. Anayezuia choo siku baada ya siku, utumbo wake huzoea na kuacha kumwita, choo hukauka ndani, na mwisho wake ni bawasiri.

Kinamama ndio wanaozuia zaidi. Mwuza sokoni hana choo cha kwenda, mwalimu anasubiri arudi nyumbani, mwanafunzi anaogopa choo cha shule kisicho na mlango. Hapa wazazi na kamati za madrasa na misikiti tuna wajibu. Choo cha kinamama chenye mlango, komeo na maji ni katika afya ya mabinti zetu, kama vile mahali pa kutawadhia.

Choo cha kuchuchumaa tulichozoea ni kizuri kwa kutoa haja. Anayetumia cha kukalia aweke kibao chini ya miguu ili magoti yapande juu. Ukijisafisha, osha kutoka mbele kwenda nyuma, usirudishe mkono mbele, kwa kuwa bakteria walio rafiki katika utumbo ni adui wakifika kwenye njia ya mkojo. Na usioshe ndani ya uke kwa sabuni wala marashi.

DAMU NA SWALA

Tulipokuwa madrasa tulisoma katika Safinatun Najaa kwamba, kwa madhehebu ya Imam Shafii, hedhi kwa uchache ni mchana mmoja na usiku wake, kwa kawaida ni siku sita au saba, na kwa wingi ni siku kumi na tano. Mama yule wa siku kumi na tisa alikuwa ameacha swala siku zote hizo akidhani bado yumo katika hedhi. Bi Fatima bint Abi Hubaysh (r.a.) alipomweleza Mtume (s.a.w.) kwamba damu haimkatiki, alifundishwa kwamba hiyo ni damu ya mshipa wala si hedhi, basi aache swala kwa kadiri ya siku zake tu, kisha aoge na asali.

Hukumu kwa kila hali muulize mwanachuoni. Ninachotaka ulione ni kwamba sheria yetu, karne kumi na nne zilizopita, ilikwishatenganisha damu ya kawaida na damu ya ugonjwa. Hospitalini nako tunahesabu vivyo hivyo: damu inayozidi siku nane tunaitafutia sababu. Kwa hiyo andika tarehe zako. Daftari dogo lenye siku ya kuanza na ya kumaliza litakufaa kwa sheikh na kwa daktari pia.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI

Nenda upimwe, usisubiri, ukiona mojawapo ya haya:

- Damu ya hedhi inazidi siku nane, au inalowesha pedi kila saa moja au mbili, au inatoka mabonge makubwa.
- Hedhi imekatika miezi mitatu bila mimba, au mzunguko ni mfupi kuliko siku 21.
- Damu inatoka baada ya tendo la ndoa, au imerudi baada ya hedhi kukoma kwa umri. Hii ya mwisho, hata ikiwa tone moja, nenda.
- Damu katika choo, au choo cheusi nawe hutumii vidonge vya kuongeza damu.
- Kufunga choo kulikoanza ukubwani bila sababu, pamoja na kukonda au tumbo kuvimba.
- Kizunguzungu, moyo kwenda mbio, viganja kuwa vyeupe.
- Maumivu ya ghafla chini ya tumbo kwa anayeweza kuwa na mimba. Hii ni dharura.

Ukifika, usiseme "homoni" tu. Sema choo kiko vipi, hedhi iko vipi, na taja kila unachotumia, pamoja na mitishamba. Hakuna tabibu mwenye adabu atakayekucheka. Ukitaka kuhudumiwa na mwanamke, sema; na kama hayupo, omba mwanamke mwenzako akae nawe chumbani.

NENO KWA WAUME

Mwisho, ndugu zangu wanaume. Mume wa mama yule aliniambia: "Nilijua anaumwa tumbo tu." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akitoa fedha ya pakiti kila alipoombwa, lakini hakuuliza. Kumtunza mke ni pamoja na kujua kwamba damu imefika siku ya kumi, na kusema: jiandae, kesho asubuhi tunakwenda kupima. Bei ya pakiti mbili tatu za unga ule ingetosha kipimo cha wingi wa damu, na pengine na nauli ikabaki.

Tule kwa wastani, tunywe maji, tuitikie haja inapotuita, na damu isiyo ya kawaida tuitafutie chanzo. Allah (s.w.) hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa, na hatua ya kwanza ya dawa ni kuujua ugonjwa wenyewe. Tunamuomba awape shifaa wagonjwa wetu na awahifadhi mama zetu, wake zetu na mabinti zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.